Je, Ilikuwa Chanjo au Bahati?

Oktoba 1994 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Idete, kijiji cha bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Watoto 586, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, walikuwa wamechomwa sindano. Baadhi walipata SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia. Wengine walipata sindano isiyo na chanjo hiyo. Nani apate ipi iliamuliwa kwa bahati nasibu, na si wazazi wala wahudumu waliowapima watoto waliojua mtoto yupi yuko kundi gani. Watafiti wa Ifakara, wakiongozwa na Mhispania Pedro Alonso, walipomaliza kuhesabu wagonjwa walikuta kundi la chanjo limeugua malaria pungufu kwa asilimia 31. Pembeni ya namba hiyo palikuwa na nyingine ndogo: p = 0.046.

Kwa bonde ambalo mtu anaweza kuumwa na mbu wenye vimelea mamia ya mara kwa mwaka, kupunguza ugonjwa kwa karibu theluthi moja ni habari kubwa. Majaribio ya Amerika Kusini nayo yalikuwa yametoa matokeo yanayokaribiana na hayo. Matumaini yalipanda, na yalikuwa na haki ya kupanda.

Makala hii inahusu ile namba ndogo. Kila anayesoma takwimu mwaka wa kwanza wa chuo, awe wa uuguzi, kilimo au biashara, hukutana nayo. Huambiwa kwamba p ikiwa chini ya 0.05 aikatae nadharia tete sifuri, na ikizidi hapo asiikatae. Anakariri, anafaulu mtihani, na miaka michache baadaye anaandika tasnifu ambayo kompyuta imempangia nyota pembeni ya kila p ndogo. Ukimuuliza nyota ile inasema nini hasa, wengi hujibu kwamba inasema matokeo yamethibitishwa. Jibu hilo si sahihi, na kosa lenyewe lina gharama. Watoto wa Idete, na wenzao wa Afrika Magharibi na Asia, wametuachia ushahidi wa kutosha kulieleza.

Tuanze na hiyo nadharia tete sifuri. Ni dai la kwamba hakuna kitu: chanjo haizuii lolote, mbolea haikuongeza gunia hata moja, dawa mpya ni sawa na ya zamani. Mtafiti huliweka dai hilo mbele kwa makusudi ingawa moyoni anatumaini si kweli, kwa sababu ndilo dai linaloweza kupigiwa hesabu. Kusema “chanjo inafanya kazi” hakutuambii tutegemee wagonjwa wangapi. Kusema “chanjo haifanyi kazi kabisa” kunatuambia: makundi mawili yatatofautiana kwa bahati peke yake, na bahati ina kanuni zake.

Mfano unaofundishwa zaidi duniani unatoka Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa London, ambako Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919. Mtafiti wa mwani, Dkt. Muriel Bristol, alidai kwamba akionja chai ya maziwa anajua kilichotangulia kumiminwa kikombeni, maziwa au chai. Fisher aliligeuza dai hilo kuwa jaribio, na katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu kupanga majaribio alilieleza kwa kina. Vikombe vinane, vinne vya kila namna, vinachanganywa kwa kura, na mwonjaji anatakiwa kuvitaja vile vinne vilivyotangulia maziwa.

Hesabu yake inatosha karatasi moja. Kuna namna 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane. Asiyejua lolote, akibahatisha tu, ana nafasi 1 kati ya 70 ya kupatia vyote, yaani karibu 0.014. Tuseme amepatia vitatu na kukosea kimoja. Namna za kufika hapo ni 16, ukiongeza ile moja ya kupatia vyote unapata 17 kati ya 70, karibu 0.24. Mtu asiyejua chochote angefikia kiwango hicho au kukizidi karibu mara moja katika kila majaribio manne. Hakuna wa kushawishika kwa hilo. Akipatia vyote vinne tunashtuka, kwa kuwa bahati peke yake haifanyi hivyo mara nyingi.

Hiyo ndiyo p. Ni uwezekano wa kuona matokeo makubwa kiasi hicho au zaidi, iwapo kwa kweli hakuna kitu. Neno zito katika sentensi hiyo ni “iwapo”.

Tuirudishe Idete. Tuchukulie SPf66 haina nguvu yoyote, na tufikirie jaribio lilelile likirudiwa mara 1,000, kila mara watoto wakigawanywa upya kwa kura. Katika takriban majaribio 46, makundi mawili yangetofautiana kiasi kile au zaidi, kwa upande huu au ule, bila chanjo kuhusika. Hilo ndilo lililosemwa na 0.046, basi. Haikusema kwamba uwezekano wa chanjo kufanya kazi ni asilimia 95.4. Isingeweza kusema hivyo, maana ilikokotolewa kwa kuchukulia tangu mwanzo kwamba chanjo haifanyi kazi. Kuitaka p ituambie dai ni kweli kwa asilimia ngapi ni kuitaka mizani ya duka ipime urefu wa kitambaa.

Ili tujue matokeo mazuri yanaaminika kiasi gani tunahitaji kitu ambacho p haina: kati ya mambo yanayopelekwa kwenye majaribio, mangapi huwa ya kweli. Chukua hesabu ya kubuni. Maabara za dunia zinaleta dawa 1,000, na 100 tu kati yake zina uwezo. Majaribio ni mazuri na yanagundua dawa nzuri mara 80 kati ya 100. Basi yatagundua 80. Dawa 900 zisizo na uwezo zitapita chini ya 0.05 kwa bahati tu mara 5 kati ya 100, yaani 45. Mezani kuna matokeo 125 yenye nyota, na 45 kati yake, asilimia 36, ni ya uongo. Hakuna aliyedanganya wala aliyekosea hesabu. Kizingiti cha 0.05 kimefanya kazi yake ileile. Katika uwanja kama wa chanjo za malaria, ambako wengi wamejaribu na wachache sana wamefika, hesabu hiyo ingepaswa kuwa ukutani kwa kila anayesoma habari za mafanikio.

Watafiti wa Idete wenyewe walikuwa waangalifu kuliko wengi waliowasoma. Waliandika pia wigo wa makadirio, na wigo ule ulianzia asilimia 0 hadi 52. Kwa lugha nyepesi, takwimu zao zilikubaliana na chanjo inayozuia nusu ya ugonjwa, na zilikubaliana pia na chanjo isiyozuia karibu chochote. Anayetazama p peke yake anaona mlango umefunguka. Anayetazama wigo anaona watoto 586 hawakutosha kujibu swali, na kwamba swali linapaswa kuulizwa tena.

Likaulizwa. Mwaka 1995 matokeo ya Gambia yalichapishwa, ya watoto wa miezi 6 hadi 11. Makadirio ya ufanisi yalikuwa asilimia 8, wigo ukianzia asilimia 18 chini ya sifuri hadi 29 juu yake. Mwaka 1996 yakafuata ya Thailand, ya watoto 1,221 wa miaka 2 hadi 15 katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa Burma. Huko makadirio yaliangukia chini ya sifuri, maana yake waliochanjwa waliugua kidogo zaidi ya wenzao, kwa tofauti ambayo bahati ingeweza kuileta. Kisha Tanzania yenyewe ikarudi. Watoto wachanga zaidi ya 1,200 walipewa SPf66 pamoja na chanjo zao za kawaida za kliniki, na ufanisi uliopatikana ulikuwa asilimia 2.

Hapa wanafunzi wengi huteleza upande wa pili. Matokeo ya Gambia hayakuthibitisha kwamba chanjo haina kazi. Wigo wake ulifika asilimia 29, ukikaribia 31 ya Idete, na umri wa watoto haukuwa mmoja. P kubwa inasema hatujaona cha kutosha kuikana bahati. Haisemi kwamba bahati imeshinda. Ndiyo maana mwalimu makini humkataza mwanafunzi kuandika “nimekubali nadharia tete sifuri” na kumtaka aandike “nimeshindwa kuikataa”. Wanafunzi huona ni ukali wa bure, lakini tofauti ni kubwa. Lililoiangusha SPf66 barani Afrika halikuwa jaribio moja. Majaribio yaliungana, na kila jipya lilipoongezwa makadirio yalisogea kuelekea sifuri.

Fisher mwenyewe aliyataka haya. Kiwango cha 0.05 kinatokana na kitabu chake cha mwaka 1925, na alikichagua kwa kuwa kilifaa kwa matumizi. Hakuna sheria ya maumbile inayofanya 0.049 kuwa elimu na 0.051 kuwa taka. Kwake jambo halikuhesabiwa kuthibitika kwa p ndogo ya siku moja, bali pale mtafiti anapojua kupanga jaribio ambalo ni nadra kushindwa kutoa matokeo hayo tena. Sehemu hiyo ya pili ya fundisho lake ndiyo tuliyoiacha njiani. Vyuo vimebaki na kizingiti, vikasahau kurudia. Machi 2016 Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu matumizi mabaya ya p, jambo ambalo vyama vya kitaaluma hulifanya mara chache, kikionya kwamba p haipimi ukweli wa nadharia tete wala ukubwa wa jambo lenyewe.

Ukubwa wa jambo una hadithi yake, na inatoka papa hapa kwetu. Baada ya SPf66 ilikuja RTS,S. Jaribio lake la awamu ya tatu lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba. Vitano kati ya hivyo ni vya Afrika Mashariki: Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya. Kwa watoto waliokuwa na miezi 5 hadi 17 walipoanza, waliopata dozi nne na kufuatiliwa takriban miaka minne, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36.

Thelathini na moja, thelathini na sita. Msomaji wa haraka angesema ni chanjo mbili zinazolingana. Wigo wa RTS,S, hata hivyo, ulianzia karibu asilimia 32 na kuishia 40 na ushei. Sifuri ilikuwa mbali kabisa. Makadirio mawili yanakaribiana, moja lilikuwa na watoto 586 nyuma yake na jingine maelfu kwa maelfu. La kwanza likayeyuka, la pili likasimama. Sijui mfano bora kuliko huu wa kumweleza mwanafunzi kwa nini sampuli haipangwi kwa mazoea wala kwa bajeti iliyobaki.

RTS,S nayo ilikutana na p yake, safari hii ya kutisha. Kati ya watoto wa kundi hilo la miezi 5 hadi 17, wagonjwa 22 walipatikana na homa ya uti wa mgongo. Makundi mawili yaliyopata RTS,S yalikuwa na 21, na kundi linganishi mmoja tu. Kwa kuwa waliopata RTS,S walikuwa mara mbili ya wenzao, bahati ingegawa takriban 15 kwa 7. Piga hesabu kwa kanuni ileile ya vikombe vya chai: uwezekano wa kundi linganishi kupata mgonjwa mmoja au asiwepo hata mmoja, iwapo chanjo haihusiki, ni kama 16 kati ya 10,000. Ni ndogo mara nyingi kuliko ile p iliyoleta shangwe Idete. Hapo hapo kukajitokeza dalili nyingine, kwamba vifo vya wasichana vilizidi katika makundi ya RTS,S.

Mtu mwenye kukariri angeitupa chanjo siku hiyo. Lakini jaribio kubwa kama lile hufuatilia magonjwa mengi kwa pamoja, na homa ya uti wa mgongo haikuwa swali lililowekwa mwanzoni. Ilijitokeza baada ya kuchungulia kila kona. Ukikagua magonjwa 20 yasiyotegemeana, ambayo chanjo haiyagusi hata moja, uwezekano wa angalau moja kupita chini ya 0.05 ni asilimia 64. Atafutaye kwingi hupata, na anachopata si lazima kiwepo. Wakati huohuo hakuna mwenye dhamira ambaye angempuuza mtoto mgonjwa kwa hoja hiyo peke yake. Lililobaki likawa lilelile la siku zote, kuuliza upya, na safari hii kwa swali lililoandikwa kabla ya kuanza.

Mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya zilianza kutoa RTS,S kupitia kliniki za kawaida katika maeneo yaliyochaguliwa, mengine yakisubiri kwa ajili ya kulinganisha. Kenya ilianzia Homa Bay mwezi Septemba. Kufikia 2021 watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa. Homa ya uti wa mgongo haikuongezeka. Vifo vya wasichana havikuongezeka. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike kwa watoto wa Afrika. Tathmini iliyofuata ya mpango huohuo ilionyesha vifo vya watoto vimepungua kwa asilimia 13.

Kuna waliolalamika kwamba tulichelewa, na lalamiko lao nalichukulia kwa uzito. Matokeo makuu yalikuwa mezani tangu 2015, na malaria huua mamia ya maelfu ya watoto wa bara hili kila mwaka. Jerzy Neyman na Egon Pearson waliliona tatizo hili tangu 1933 walipoandika kwamba mpimaji anaweza kukosea kwa njia mbili: kuona kitu kisichokuwepo, au kushindwa kuona kilichopo. Ukikaza dhidi ya kosa moja unalegeza dhidi ya jingine, isipokuwa uongeze idadi ya watu au ubora wa jaribio. Hakuna kizingiti kitakachokuchagulia kosa lipi lina madhara zaidi. Hilo huamuliwa na watu wanaojua ugonjwa, wanaojua kijiji, na watakaowajibika kwa mama mwenye mtoto. Maoni yangu ni kwamba jaribio la pili lilikuwa la lazima, na kwamba fedha na ruhusa zake zingepatikana mapema zaidi.

Nawageukia wasimamizi wa tasnifu na wahariri wa majarida ya vyuo vyetu. Wanafunzi wanarudishwa na kazi nzuri kwa sababu p imetoka 0.21. Wengine huelekezwa wapange upya makundi, waondoe wahojiwa wachache au wabadili swali hadi nyota itokee. Kazi zisizo na nyota hulala kabatini. Kama watafiti wa Gambia na Thailand wangefanyiwa hivyo, Idete ingebaki kwa muda ushahidi pekee wa Afrika na Asia, na fedha za kliniki zingetumika kununua chanjo isiyokinga. Matokeo yao ya “hakuna tofauti” yalichapishwa katika Lancet ileile, kwa heshima ileile.

Tunaomba vyuo vifanye vivyo hivyo. Mwanafunzi apimwe kwa swali lake, kwa namna alivyochagua watu wake na kwa uaminifu wa hesabu yake. Aandike wigo pembeni ya kila makadirio. Aseme aliuliza maswali mangapi, yakiwemo yale yasiyompa kitu. Akipata 0.21, aitetee mbele ya jopo kama ilivyo, na jopo limpitishe.